Starta ya kuongezewa kwenye pikipiki ya zamani: dalili, chanzo na pa kuanzia

Pikipiki iliyotoka kiwandani na kiki tu imezoea kulisha taa, honi na koili basi. Ukiifungia starta umemkaribisha mgeni anayekula ampea mia na zaidi kwa mkupuo mmoja, kwenye nyumba iliyopikiwa watu watatu. Ndiyo maana starta hizi, selfu kama wengi tunavyoziita, zina jina baya kuliko zinavyostahili. Mtu anafunga seti mpya, miezi miwili baadaye injini haizunguki. Mota inafunguliwa, inarudishwa kwa aliyeiuza, inapimwa na kukutwa nzima. Kumbe ilikuwa nati ya waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, yaani chuma cha pikipiki.

Sisemi starta haziharibiki. Kuna sehemu moja ndani yake inayokufa kweli na tutaifikia, ila hata hiyo mara nyingi huuawa na kitu kingine. Hapa nimefuata kile unachosikia unapobonyeza kitufe, na katika kila dalili naanza na chanzo ninachokutana nacho mara nyingi, hata kama ni cha aibu.

Kabla ya kushika spana

Multimita ya kawaida inatosha, pamoja na mtu wa kukubonyezea kitufe. Anza na betri. Iache ipumzike saa chache bila chaja, kisha pima kwenye vichwa vyake vyenyewe, siyo kwenye nati iliyoshika kebo. Betri ya risasi, na AGM (ile iliyofungwa isiyoongezwa maji) ni ya risasi pia, ikisoma 12.6 hadi 12.8 imejaa. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, na 12.0 ihesabu kuwa imekwisha. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 isome kwa kipimo chake: ikijaa hutulia kwenye 13.3 hivi, na ukiikuta kwenye 12.8 imebaki kidogo sana. Namba ni ileile, kwa moja shibe, kwa nyingine njaa. Wengi hubadili betri wakasahau kubadili namba iliyo kichwani.

Sasa bonyezewa kitufe, macho yako yakiwa kwenye mita. Injini ikizungushwa, betri nzuri hubaki juu ya volti 10. Kwenye 9.6 uko mpakani. Ikianguka hadi 7 au 6, ama betri imechoka, ama ni ndogo kwa kazi hiyo, ama kuna kitu kinachoikaba mota. Ukinunua nyingine usiangalie ampea-saa peke yake. Namba iliyo karibu na herufi CCA ubavuni, uwezo wa kutoa umeme mwingi kwa ghafla, ndiyo inayoihusu starta.

Wakati wa vipimo hivi usitake injini iwake, hivyo kata umeme unaoingia kwenye ignisheni, mfumo unaorusha moto wa plagi. Usichomoe kofia za plagi ukaziacha zining'inie. Ignisheni ya kielektroniki inayorusha moto ukakosa pa kwenda inaweza kuungua ndani kwa ndani, na utakuwa umejiongezea tatizo la pili.

Kimya kabisa

Unabonyeza, hakuna hata tik. Washa taa ya mbele ubonyeze tena. Taa ikififia, umeme unatoka na kuna mahali unakwama, basi ruka hadi dalili inayofuata. Isipotikisika, njia ndogo ya kuamrisha solenoidi, ile swichi nzito inayopeleka umeme wa betri kwenye mota, imekatika: fyuzi, kitufe, swichi ya klachi au ya nyutro kama seti yako inayo, au rilei, swichi ndogo inayoamrishwa kwa umeme.

Kitufe ndicho mshukiwa wangu wa kwanza. Koili ya solenoidi hula ampea kadhaa, na vitufe vingi vya usukani wa zamani vilitengenezwa kwa ajili ya honi. Vikifanyishwa kazi hiyo bila rilei katikati, midomo yake huungua taratibu: leo kinakubali mara ya tatu, kesho mara ya saba. Chukua kipande cha waya chenye fyuzi, gusa kutoka upande hai wa betri hadi kichwa kidogo cha solenoidi. Mota ikizunguka, solenoidi na mota ni nzima na shida iko huko juu kwenye usukani.

Nimeandika "upande hai" kwa makusudi. Pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 hadi 1970 zina chanya kwenye bodi, na upande hai ni hasi. Ukifuata mchoro uliochorwa kwa pikipiki ya hasi-bodi bila kufikiri, utapata cheche usizozitarajia.

Kuna mtego mwingine mdogo. Baadhi ya solenoidi hupata ethi yake kupitia bolti zinazoishika. Ukiifunga kwenye trei ya betri iliyopakwa rangi nzito au iliyokaa juu ya raba, koili haina pa kurudishia umeme, na kila kitu kitapimwa kizuri isipokuwa haifanyi kazi.

Tik moja, au tatatata

Tatatata ya haraka maana yake karibu siku zote ni betri dhaifu au kiungo kibovu. Solenoidi inafunga, mota inavuta, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inafunga tena. Chaji betri, safisha vichwa vyake kwa msasa hadi ving'ae, kaza, kisha jaribu tena kabla ya kufikiria kitu kingine.

Tik moja nzito kisha kimya ni habari tofauti. Weka multimita kwenye vichwa viwili vikubwa vya solenoidi, mtu abonyeze. Ukisoma sifuri na ushee, tuseme chini ya 0.3, umeme unapita vizuri. Ukisoma 12 na hakuna kinachozunguka, midomo ya ndani haikutani, solenoidi badili. Kama umeme unafika kwenye mota na mota imenuna, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi huku kitufe kimebonyezwa. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zake, vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zimeisha au zimekwama kwenye vibanda vyake. Dawa hiyo itakufikisha nyumbani na haitakufikisha mahali pengine.

Inazunguka kwa uzito, kama haitaki

Hapa ndipo penye kesi nyingi, na ndipo starta husingiziwa zaidi. Kabla ya kuilaumu, piga hesabu hii. Mota inavuta ampea 150. Mahali fulani njiani kuna kiungo chenye ukinzani wa ohmu 0.01, kitu ambacho multimita yako haiwezi hata kukionyesha kwa uhakika. Zidisha: volti 1.5 zimepotea pale. Na kiungo hicho kwa muda huo kimegeuka hita ya wati 225. Ndiyo sababu kidole chako ni kipimo kizuri. Baada ya kujaribu mara mbili tatu, pitisha mkono kwenye kila kiungo, na kile chenye joto ndicho kinachokuibia.

Kipimo cha kitaalamu zaidi ni kupima upotevu wa volti injini ikizungushwa. Waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha betri cha upande hai, mwingine kwenye kichwa cha mota: kisizidi 0.5. Kisha kutoka gamba la mota hadi kichwa cha betri kinachokwenda bodi: 0.2 au chini yake ndiyo afya. Watu hupima upande wa kwanza na kusahau wa pili, na wa pili ndio wenye madhambi. Fremu imepakwa rangi upya, injini imepakwa rangi upya, bolti ni mpya zinazong'aa, na hakuna chuma kinachogusa chuma.

Norton Commando, pikipiki ya Uingereza, ina la kwake. Injini, gia na mkono wa gurudumu la nyuma vimetundikwa kwenye raba, mfumo wa Isolastic, ili mtetemo usimfikie dereva. Raba haipitishi umeme. Nilipofunga starta kwenye yangu nilipeleka kebo nene ya ethi kutoka betri hadi fremu, nikaridhika. Kitufe cha kwanza, injini ikageuka nusu kwa uvivu. Cha pili, nikasikia harufu ya plastiki. Nikaishika kebo ya klachi pale inapoingia kwenye usukani nikaiachia haraka, ilikuwa ya moto kama mpini wa sufuria. Umeme wote wa mota ulikuwa umeshindwa kupita kwenye raba ukatafuta njia ya kurudi kupitia kebo ya klachi na ya mafuta. Kebo moja fupi kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye gamba la injini ilimaliza yote, na injini ikazunguka kama ya pikipiki nyingine kabisa. Ukiona kebo za klachi zinakuwa nzito au ganda lake linayeyuka baada ya kufunga starta, usitafute mbali.

Kuhusu unene: kwa safari fupi milimita za mraba 16 zinafaa, 25 ni bora. Kebo iwe fupi iwezekanavyo na vichwa vyake vibanwe kwa chombo chake, siyo kwa koleo. Na kamwe usipitishe umeme wa starta kwenye mita ya ampea ya zamani iliyo kwenye taa. Ilitengenezwa kwa ampea nane au kumi na mbili, itakuaga siku hiyohiyo.

Commando yenyewe ni ushahidi kwamba hata kiwanda kinaweza kukosea hapa. Mwaka 1975 aina ya 850 Mk3 ilitoka na starta ya umeme, na mota yake ilikuwa dhaifu kiasi kwamba wenye pikipiki walizoea kuitania kuwa ni ya kusaidia kiki, siyo ya kuwasha. Waliotaka iwashe kweli walibadilisha mota ya kaboni mbili wakaweka ya kaboni nne, na wakanenepesha kebo. Injini ilikuwa ileile.

Kama volti zako zote ni safi na bado inazunguka kwa uzito, geukia injini. Ikiwa imekaa wiki kadhaa, oili huteleza kutoka kwenye tangi lake, hupita pampu iliyochakaa, na kujaa chini ya kranki. Mtu wa kiki huusikia uzito ule mguuni, ila kidole kwenye kitufe hakisikii chochote. Mota inalazimika kukoroga lita nzima ya oili nzito, na oili hiyo ikikosa pa kwenda husukuma sili nje. Fungua bolti ya chini, imwage, irudishe kwenye tangi, kisha ndipo ubonyeze.

Vuta klachi pia. Mwenye kiki hakuwa na ruhusa hiyo, maana kwenye pikipiki nyingi za Uingereza nguvu ya kiki hupitia klachi yenyewe. Starta inayozungusha kranki moja kwa moja haiihitaji, kwa hiyo ukiivuta unaiondolea mota mzigo wa kuzungusha gia zilizozama kwenye oili baridi.

Halafu kuna mahali pistoni iliposimama. Starta ikianza chini ya kompresheni haina mbio za kujipa kasi. Sogeza injini kwa kiki polepole hadi upite ugumu, halafu bonyeza. Kwa injini ya silinda moja kubwa, ambayo mara nyingi ina wenzo wa kuachia kompresheni, kutoutumia ni kuitesa mota bure.

Inawaka pale tu unapoachia kitufe

Unabonyeza, injini inazunguka vizuri tu, haiwaki. Unakata tamaa, unaachia, na papo hapo inawaka. Au inapiga mlio mmoja kisha inazima. Watu hudhani ni kabureta, wanafungua jeti, wanarudisha, haibadiliki.

Kilichotokea ni hiki: mota ikivuta, volti za betri zinashuka hadi 10. Umeme wa ignisheni nao unatoka betri hiyohiyo, lakini kwanza unapita swichi ya funguo ya miaka hamsini, kisha swichi ya kuzimia, kisha waya mwembamba ambao umeshaota kutu ndani ya ganda. Kila kimoja kinakata kidogo. Kufika kwenye kisanduku cha ignisheni zimebaki 8 na nusu, na kisanduku kinagoma. Ukiachia kitufe volti zinaruka juu huku injini bado ina kasi kidogo, moto unapatikana, inawaka.

Pima kwenye waya unaoingia kisanduku chenyewe, siyo kwenye betri, wakati wa kuzungusha. Tofauti ikizidi nusu volti kati ya hapo na betri, weka rilei: waya wa zamani wa swichi uamrishe tu, umeme wa ignisheni utoke moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake. Ni kazi ya mchana mmoja, na kwa maoni yangu ilipaswa kuwa ndani ya kila seti ya starta inayouzwa. Visanduku vya kisasa vya kidijitali vinavumilia volti za chini kuliko vile vya analogi vya mwanzo. Pikipiki ya platini na koili, ile ya zamani isiyo na kisanduku, haigomi kwa ghafla namna hii. Moto wake hudhoofika tu, na plagi chafu ndizo zinazolalamika kwanza.

Injini inapiga teke

Kishindo kimoja cha chuma, kama nyundo kwenye nondo, na injini inasimama. Dalili hii usiijaribu mara ya pili ili uhakikishe umesikia vizuri.

Starta nyingi za kuongezewa zina klachi ya upande mmoja. Ndani yake kuna vipande vidogo vya chuma, umbo kama namba 8 iliyobanwa, vimesimama kwa safu kati ya duara mbili laini. Mafundi huviita spragi. Mota ikisukuma, vinainama kidogo na kubana duara zote mbili. Injini ikiwaka na kukimbia mbele, vinalegea na kuiacha iende. Sasa fikiria moto umewaka mapema mno pistoni ikiwa bado inapanda. Kranki inarudishwa nyuma kwa nguvu, na upande huo ndio hasa spragi hubana. Nguvu yote inapanda kwenye gia za starta hadi kwenye mota. Kama mota huzunguka mara 20 kwa kila mzunguko mmoja wa kranki, ukaidi wa amecha yake, sehemu ya ndani inayozunguka, dhidi ya kugeuzwa unahisiwa na kranki kama umezidishwa mara 400. Ni kama kupiga ukuta. Kitu lazima kikubali: spragi hupinduka na kulalia upande wa pili, duara hupata makovu, jino la gia hukatika, au gamba hupasuka.

Yangu ilipinduka kwa kosa la mwanafunzi. Betri ilikuwa imekaa bila chaji, injini ikazunguka mara moja kwa uzito, nikajiambia nijaribu mara moja tu. Mara hiyo moja ndiyo iliyopiga. Nilipofungua kifuniko, vipande vitatu vya spragi vilikuwa vimelala kama watu waliochoka foleni, na duara la ndani lina mikwaruzo unayoweza kuihesabu kwa ukucha. Starta haikuwa na kosa lolote.

Vyanzo ni vitatu. Cha kwanza, taimingi, yaani wakati wa kurusha moto, iko mbele mno. Pima kwa taa ya kumulika injini ikiwa kwenye mizunguko ambayo taimingi imefika mwisho wa kusonga mbele: kwa Commando ni nyuzi 28 kabla ya pistoni kufika juu, kwa Triumph za silinda mbili za 650 na 750 ni 38. Kupima injini ikiwa imetulia tu hakukuambii kitu cha kuaminika.

Cha pili, kwa wenye platini, ni vile vizito vinavyotanuka kusogeza taimingi mbele. Springi zikichoka au pini zikikauka grisi, vizito havirudi ndani injini ikisimama. Unawasha injini ikiwa kwenye nyuzi 38 kamili huku inazunguka kwa kasi ya kobe. Vizungushe kwa vidole uviachie: virudi vyenyewe, kwa mlio. Vikisita, umempata mhalifu.

Cha tatu ni volti. Baadhi ya visanduku vya analogi volti zikishuka sana havizimi kwa adabu, bali hurusha moto ovyo, wakati usio wake. Betri dhaifu kwa hiyo inadhuru mara mbili: inazungusha polepole, na inaharibu taimingi hapohapo. Betri ikiwa hivyo tumia kiki. Hakuna aibu, na ni sababu tosha ya kutoiondoa kiki hata kama seti yako inaruhusu. Ukiwa bado unanunua, tafuta seti yenye kipande kinachoteleza nguvu ikizidi.

Mota inavuma, injini haizunguki

Wote hukimbilia kusema spragi imekufa. Mara nyingi ni kweli, lakini kabla ya kumwaga oili na kufungua kifuniko, angalia nyaya za mota. Mota ya sumaku za kudumu, ambayo seti nyingi za sasa zinaitumia, ikibadilishiwa chanya na hasi huzunguka kinyume. Spragi itaiacha tu izunguke kwa sababu ndivyo ilivyoumbwa, nawe utasikia mvumo mzuri usio na kazi. Ikiwa kazi ya umeme imeguswa hivi karibuni, au pikipiki imebadilishwa kutoka chanya-bodi kwenda hasi-bodi, anzia hapo. Mota ya zamani yenye koili pande zote haina tabia hii, yenyewe huzunguka upande uleule hata ukibadili nyaya.

Kinachofuata ni oili iliyo ndani ya kifuniko cha cheni ya klachi. Oili nyingi za magari zina viongezi vya kupunguza msuguano, na spragi huishi kwa msuguano. Kama ilianza kuteleza wiki ile ulipobadili oili, mwaga, weka ile iliyoandikwa kwenye maelekezo ya seti, na uipe nafasi.

Ikiteleza mara moja moja kisha ikashika, hasa asubuhi, duara lake limeanza kupata makovu. Itazidi, haitapona. Badili spragi pamoja na duara zake. Spragi mpya kwenye duara lenye mikwaruzo ni pesa iliyotupwa.

Inavuma hata baada ya injini kuwaka

Mluzi unaopanda na kushuka na mizunguko ya injini una maana kwamba spragi haiachii na injini inaikokota mota. Zima papo hapo. Kwa uwiano ule wa 20, injini ikiwa kwenye mizunguko 3000 kwa dakika mota inalazimishwa 60,000, na waya wa amecha hutawanyika kama nyuzi za mfagio.

Mkwaruzo mkavu usiobadilika ni kitu kingine. Seti nyingi zinagusa eneo la altaneta inayozalisha umeme, na rota yake inayozunguka ikisogea kidogo inakwangua stata iliyofungwa kuizunguka. Nafasi kati yao pande zote iwe kama milimita 0.2. Ipime kwa geji ya majani ukizungusha injini kwa mkono.

Asubuhi inakubali, kwenye taa za barabarani inakataa

Injini ikizimika baada ya mwendo mfupi halafu starta ikawa dhaifu, wengi hulaumu joto. Joto lina sehemu yake, maana mota ya moto ina ukinzani zaidi. Lakini piga hesabu ya chaji kwanza.

Sekunde 4 za starta kwa ampea 150 ni ampea-sekunde 600. Altaneta ya Lucas RM21, ambayo pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1960 na 1970 zinayo, hutoa wati 120 hivi, kama ampea 10, tena injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu. Taa ya mbele inachukua 4 na nusu, ignisheni 3 hivi. Zimebaki 2 na nusu. Gawanya: unahitaji dakika 4 za mwendo wa kweli kurudisha kuwasha kulikoenda vizuri, na zaidi ya hapo kwa sababu betri hairudishi kila unachoipa. Injini ikiwa imetulia kwenye foleni, altaneta hiyo haiwezi hata kulisha taa. Safari tano za dakika tatu tatu, na betri inashuka kila siku bila chochote kuwa kibovu. Weka taa za LED, au stata yenye nguvu zaidi kama ya aina ya RM23, au uzoee chaja ya ukutani usiku.

Ukiwa na lithiamu, angalia pia kinachodhibiti chaji. Dayodi ya zener ya zamani, iliyozuia chaji isizidi, haikutengenezwa kwa betri hiyo. Tumia regyuleta isiyozidi volti 14.6. Na asubuhi ya baridi kali, ukibonyeza mara ya kwanza lithiamu huwa kama imekufa. Iwashie taa ya mbele dakika moja ipate joto, mara ya pili au ya tatu hujibu.

Haitaki kunyamaza

Umeachia kitufe na mota bado inazunguka. Midomo ya solenoidi imeshikana kwa joto, na swichi ya funguo haitasaidia kwa sababu umeme wa mota haupiti huko. Usipoteze muda usukani. Chomoa kebo ya betri, ile inayokwenda bodi, na kama imekazwa kwa nati utajuta kutoweka swichi ya kukata mapema. Ikishanyamaza, usirudishe kebo kabla ya kubadili solenoidi, hata kama ukiigonga inaachia. Kilichoifanya ishikane ni betri dhaifu iliyokuwa ikiifungua na kuifunga chini ya mzigo, ile tatatata ya wiki iliyopita.